Mjomba wa Picha Anajibu: "Shemeji, Umefurahia Mali ya Wizi"

Mjomba, shikamoo. Mimi ni fundi majokofu hapa Morogoro. Jumamosi moja mvua ilininyima kazi, nikashinda nyumbani na mke wangu na mdogo wake wa kiume, ambaye anasomea mambo ya filamu chuoni. Nikaweka Lockout, ile ya Guy Pearce na gereza la angani. Nilicheka mpaka mke wangu akaniambia nipunguze sauti, mtoto amelala. Shemeji alikunja uso tangu mwanzo hadi mwisho, halafu akatamka: "Shemeji, umefurahia mali ya wizi." Akasema picha ile ni kopi ya picha ya zamani, na kwamba mahakama ya Ufaransa ilishaitia hatiani. Tangu siku hiyo kila nikitaka kuirudia naona haya, kama mtu aliyenunua redio ya gari kwa kijana wa kichochoroni. Je, anayosema ni kweli? Na kama ni kweli, kufurahi kwangu ni ushamba?
Fundi, Morogoro

Marahaba, fundi. Tuanze na mahakama, maana hapo shemeji yako amesema kweli tupu, na haki yake apewe kabla sijamgeukia.

Lockout ilitoka mwaka 2012. Waongozaji wake ni wawili, James Mather na Stephen St. Leger, na aliyeandika pamoja nao ni Mfaransa Luc Besson. Kisa chenyewe unakijua: mwaka ni 2079, Snow, steringi anayechezwa na Guy Pearce, amesingiziwa mauaji na kuhukumiwa. Wakati huohuo binti wa rais wa Marekani amekwenda kukagua gereza linaloizunguka dunia, wafungwa 500 wamelazwa usingizi mzito kama samaki kwenye friza. Mfungwa mmoja anaamshwa ili ahojiwe, anampora mlinzi bastola, na baada ya muda mfupi gereza zima liko macho. Snow anaambiwa: kamlete binti, nasi tutakuachia.

Sasa rudi nyuma hadi 1981, kwenye Escape from New York ya John Carpenter. Kisiwa kizima cha Manhattan kimezungushiwa ukuta kikawa gereza. Ndege ya rais inaangukia humo. Kuna mtu anaitwa Snake Plissken, mwanajeshi shujaa aliyeishia kuwa mhalifu, ana kiraka jichoni na hana habari na serikali yoyote. Anaambiwa: kamlete rais, nasi tutakuachia.

Carpenter, mwandishi mwenzake Nick Castle na kampuni yenye haki za picha hiyo, StudioCanal, walifungua kesi Paris. Mwaka 2015 mahakama iliwapa ushindi na fidia ya euro 80,000. Upande wa Besson ukakata rufaa. Wangekaa kimya wangekuwa wamepona kwa bei rahisi, kwa sababu mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilirudi na hukumu ileile, ila fidia ikapanda hadi euro 450,000.

Ninachokipenda katika hukumu hiyo ni kwamba mahakimu waliisoma picha kama sisi tulivyokuwa tukiisimulia barazani. Hawakusema tu "zinafanana". Walihesabu. Steringi ni mkakamavu, mkaidi, hamwamini mtu. Ana historia ya ushujaa lakini amehukumiwa kifungo. Anatumwa kumkomboa rais, au binti wa rais, ili naye apate uhuru wake. Anaingia kimyakimya baada ya kuruka kwa chombo, huku ndege isiyo na injini, kule chombo cha anga. Humo ndani anamkuta mwenzake wa zamani, na mwenzake huyo anakufa. Kazi inakamilika dakika za mwisho kabisa. Na picha inapoisha, yeye ndiye aliyebaki na siri ambazo wakubwa walikuwa wakizitafuta. Fundi, ukivua jokofu mlango, rangi na nembo, ukakuta kompresa, mabomba na hata alama ya kucha ya fundi aliyetangulia viko palepale, utasemaje?

Na mimi nilichochekea zaidi kuliko Snow mwenyewe ni maandishi ya mwanzo wa picha. Yanakuarifu kwamba kisa kimetokana na wazo asilia la Luc Besson. Asilia! Mtu anakuja na mbuzi wa jirani, kengele bado iko shingoni, halafu anakuomba umsifu kwa ufugaji.

Kwa hiyo deni lipo, limeandikwa, na limepangiwa bei mahakamani. Lakini deni hilo ni la Besson na wenzake, si lako wewe uliyekaa Morogoro mvua ikinyesha. Shemeji yako amechanganya madaftari mawili. Daftari la nani alichukua nini kwa nani ni moja. Daftari la kama picha inachekesha au haichekeshi ni jingine, na hilo hakimu wa Paris hakuliandika.

Nikueleze nilikojifunzia. Miaka ya tisini nilikuwa kijana wa mlangoni kwenye banda la video kule Muheza. Kazi yangu ilikuwa kukusanya hela, kurudisha kanda nyuma, na kupiga kofi pembeni mwa televisheni picha ikianza kuyumba. Nje tuliweka ubao wa chaki wenye jina la picha, mara nyingi jina limekosewa. Sasa, kila picha ilipoingia siku ya pili, foleni nzima ilikuwa imeshasimuliwa kisa na waliokuja jana. Wanajua adui mkubwa ni nani, wanajua rafiki wa steringi atakufa katikati, na steringi hafi. Na bado wanatoa hela zao wanaingia. Mzee mmoja muuza machungwa aliangalia picha moja ya makomando siku tano mfululizo. Nilimuuliza anafuata nini. Akanijibu: "Nataka kuona anavyofungua ule mlango." Mlango! Steringi alikuwa anaupiga teke bila kutoa sigara mdomoni.

Sijawahi kumsikia mhakiki aliyenieleza vizuri kuliko mzee yule. Utamu wa picha za namna hii haumo kwenye "nini kitatokea". Umo kwenye "atafanyaje". Waliowahi kumsikia Lufufu, yule mtafsiri wa picha za video, akitia Kiswahili katika midomo ya makomando wa Kimarekani wananielewa: kisa kilikuwa kimechakaa, lakini kinywa kilikuwa kipya, na watu walijaa.

Nikirudi kwenye Lockout kwa macho ya mzee wa machungwa, mlango wake ni ule mwanzo. Snow amekaa kwenye kiti, anahojiwa. Kila akijibu kwa kejeli anapigwa ngumi, uso unatoka kwenye picha, na pale uso ulipokuwa yanatokea majina ya wahusika. Uso unarudi, kejeli nyingine, ngumi nyingine, majina mengine. Katikati ya kipigo anashangaa kwamba anayempiga anaitwa Rupert. Dakika hazizidi chache na umeshamjua mtu yule: hana silaha yoyote isipokuwa mdomo, na mdomo wenyewe ndio unaomponza. Hilo halikutoka kwa Carpenter. Plissken ni mtu wa maneno machache, ananong'ona kama ana kisu kooni. Snow haachi kusema. Guy Pearce ni mwigizaji wa picha nzito nzito, L.A. Confidential ya 1997, Memento ya 2000, na hapa anaonekana kama mwalimu mkuu aliyeruhusiwa kucheza bao siku nzima. Furaha yake ndiyo iliyokuambukiza.

Adui naye yumo. Wale ndugu wawili wenye lafudhi ya Uskoti, mmoja ana akili na mwingine hana breki. Yule asiye na breki, Joseph Gilgun, alinifanya nisogeze kiti nyuma, kwa kuwa hata kaka yake hajui atafanya nini dakika ijayo.

Lakini nisikudanganye kwamba yote ni mema. Ile sehemu ya kufukuzana kwa pikipiki mjini, mwanzoni, imetengenezwa kwa kompyuta mpaka inafanana na mchezo wa mtoto wangu, tena mchezo wa zamani. Nilidhani flashi yangu ina kirusi. Na picha ikishavuka nusu, waandishi wanaanza kukimbia ili wafike mwisho: kituo kinaanguka, vyombo vya vita vinakuja, na kile kisanduku cha siri kinafunguliwa haraka kama mtu anayefunga duka wakati wa magharibi. Jumla dakika 95. Ingekuwa saa mbili na robo ningekuwa upande wa shemeji.

Sasa nimgeukie huyo shemeji. Mwambie hivi, kwa upole, yeye ni msomi na anaweza kwenda kuhakikisha. Huyo Carpenter aliyeibiwa, mwaka 1976 alitengeneza Assault on Precinct 13: kituo cha polisi kimezingirwa, watu wachache ndani, maadui wengi nje. Kisa kile kimesimama juu ya mabega ya Rio Bravo, picha ya farasi na bastola ya Howard Hawks ya mwaka 1959, ambamo John Wayne ni sherifu anayeitwa John T. Chance. Carpenter mwenyewe ndiye aliyeihariri picha yake, na kwenye nafasi ya mhariri akaandika jina gani? John T. Chance. Yaani alichukua, halafu akaweka kibao mlangoni kuonyesha alikochukua.

Tuvute uzi zaidi. Kurt Russell, aliyecheza Plissken, sauti ile ya kukwaruza aliiga kwa Clint Eastwood. Eastwood aliipata sifa ya mtu wa maneno machache kwenye A Fistful of Dollars ya Mwitaliano Sergio Leone, 1964. Na Leone alikipata wapi kisa? Kwa Mjapani Akira Kurosawa, kwenye Yojimbo ya 1961, bila kuomba. Wajapani walidai, na yakaisha kwa Leone na wenzake kukubali kutoa asilimia 15 ya mapato. Kwa hiyo ukimwangalia Snow akidundwa na Rupert unaangalia kitukuu cha samurai mmoja asiye na bwana, aliyepitia Italia, akavuka bahari hadi Marekani, akarudi Ulaya. Ndiyo maana uso wake uliona kama unaujua.

Na Carpenter si mtu wa kukimbilia mahakamani kila akisikia harufu. Ule mchezo wa video wa Metal Gear Solid una steringi anayeitwa Snake, na kwenye toleo la pili anajificha kwa jina la Pliskin, herufi moja imepungua na nyingine imebadilishwa. StudioCanal walitaka kuushtaki. Carpenter alisema aliwazuia, kwa sababu anamfahamu mtengenezaji wake, Hideo Kojima, na ni mtu mwema. Ningependa kujua Besson alipungukiwa na nini katika wema, lakini huo ni umbea na mhariri wangu hajanipa ukurasa wa umbea.

Basi fundi, Jumamosi ijayo ikinyesha fanya hivi. Itafute Escape from New York, dakika 99, muiangalie kwanza pamoja na huyo kijana. Mwonyeshe pale ramani ya jiji inapotokea kwenye kioo cha ndege kwa mistari ya kijani. Inaonekana ni kazi ya kompyuta. Kumbe kompyuta ya kufanya hivyo ilikuwa ghali mno, wakatengeneza mfano wa jiji, wakaupaka rangi nyeusi, wakabandika utepe unaong'aa kwenye kingo za majengo, wakapitisha kamera juu yake. Na hiyo New York yenyewe sehemu kubwa ni St. Louis, mji uliokuwa na mitaa iliyoungua moto mwaka 1976 na kubaki magofu, kwa hiyo kazi ya kuuharibu ilikuwa imeshafanyika. Utakubali kwamba picha ya mzee ni bora. Mimi nakubali. Halafu weka Lockout, na ucheke. Mtoto ahamishiwe chumba kingine.

*

Mjomba, habari za kazi. Mimi ni binti, naandika miswada ya filamu Dar es Salaam na sijauza hata mmoja. Nina wazo la mfungwa wa zamani anayepewa kazi ya kumtoa mtoto wa mkubwa fulani kwenye meli iliyotekwa bahari ya Hindi. Niliposoma safu yako ya nyuma ukitaja picha za gereza nikaogopa. Nimeiba?
Mwandishi Asiyelala, Dar es Salaam

Hujaiba, mwanangu, lala. Mfungwa kutumwa kuokoa mtu ni wazo, na wazo halina hati miliki. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda namna jambo lilivyoelezwa, si wazo tupu. Kinachoponza ni mlolongo. Fanya kama wale mahakimu wa Paris niliowaeleza hapo juu: chukua karatasi, andika matukio ya mswada wako upande mmoja, ya picha unayoihofia upande wa pili, uchore mistari panapolingana. Mistari miwili si neno. Ikifika saba na yote iko kwa mpangilio uleule, hiyo si meli yako.

Na ukikuta kweli unakitaka kisa cha mtu, kinunue. Wamarekani walipoipenda Seven Samurai ya Kurosawa, 1954, walinunua haki wakatengeneza The Magnificent Seven mwaka 1960. Ukimaliza mswada, peleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukausajili, usije siku moja ukauona kwenye kioo umevaa nguo za mtu mwingine.

Ushauri mmoja ambao hukuuomba. Umeniambia meli, mtoto na mkubwa. Hujaniambia mfungwa wako anapenda kula nini, wala anamwogopa nani. Plissken ana kiraka, Snow ana mdomo. Wako ana nini? Ukinipa hilo nitakuja kuangalia hata kama meli nimeshaiona mara kumi.

*

Shikamoo Mjomba. Sisi wanafunzi wa kidato cha nne tunabishana. Mwishoni mwa Lockout, Snow na yule dada wanaruka kutoka gereza la angani wakiwa na mavazi ya anga, wanaanguka mpaka New York, wanafungua parachuti na kutua barabarani salama. Mwenzetu anasema inawezekana, kuna Mzungu alishafanya. Amri itoke kwako.
Dawati la Nyuma, Tabora

Marahaba, wanangu. Mwenzenu amesikia kengele lakini hajui imepigwa kanisa gani.

Mzungu yupo. Marehemu Felix Baumgartner wa Austria aliruka tarehe 14 Oktoba 2012, miezi michache tu baada ya picha hiyo kutoka. Alipanda kwa puto la heliamu mpaka kilomita 39 hivi juu ya New Mexico, akajiachia, akaanguka kwa kasi iliyopita ya sauti, zaidi ya kilomita 1,350 kwa saa, kisha akafungua parachuti akatua kwa miguu yake. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2014, Mmarekani Alan Eustace akamzidi: kilomita 41 na ushee.

Lakini hao waliruka kutoka kwenye puto, na puto linapepea taratibu. Kituo kinachoizunguka dunia hakikai mahali pamoja. Kikiwa kilomita 400 juu kinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, ndiyo maana hakianguki. Mkiruka humo hamwendi chini. Mnaendelea kuzunguka pamoja nacho mkipungiana mikono. Na kama kwa namna fulani mkapunguza mwendo kiasi cha kuanza kuingia kwenye hewa, ile kasi yote inageuka joto. Vile vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikirudi duniani vilijengewa ngozi ya kuhimili zaidi ya nyuzi joto 1,500. Snow amevaa suti.

Kwa hiyo kwa upande wa fizikia mwenzenu ameshindwa, awanunulie vitumbua. Ila mumwachie kimoja, kwa sababu tukio lile niliporudia kuliangalia nilijikuta nimekunja miguu juu ya kiti, na parachuti lilipofunguka nilisema "haya!" kwa sauti, peke yangu sebuleni, nikiwa na umri huu nilio nao.